Mji Ndani ya Kitabu: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Toleo lililopita tuliomba maswali juu ya riwaya na kumbukumbu zinazoonyesha maisha ya mjini katika zama mbalimbali. Barua nyingi zimetoka magharibi, kuanzia Ujiji na Mwanga hadi Isevya na Kanyenye. Tunajibu sita.

SWALI: Wahariri, salaam. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wengi hawajafika Dar es Salaam wala Unguja. Mji wanaoujua ni ule wa kwenye simu. Naomba riwaya chache za Kiswahili za nyakati tofauti, na mnielekeze nini cha kuwatafutisha ndani yake.
*Mwalimu, Ujiji*

JIBU: Mwalimu, anza na *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979. Inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, ambao ulitokea kweli. Dhamira na maudhui ziache kwanza. Waulize wanafunzi: kuli anapataje kazi ya siku? Nani anamchagua na nani anamlipa? Akiumia, nani anamtibu? Jioni anarudi nyumbani na nini mkononi? Wakishayajibu hayo kwa kutaja kurasa, dhamira itakuja yenyewe, na itakuja na ushahidi.

Kisha wape *Vuta n'Kuvute* ya mwandishi huyohuyo, iliyotoka 1999 lakini inarudi Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anaikimbia ndoa na kuangukia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwa rafiki yake Mwajuma. Chora ubaoni sehemu mbili, Mji Mkongwe na Ng'ambo, na mstari katikati. Kila Yasmin anapouvuka mstari huo, wanafunzi waandike mavazi, lugha inayosemwa, ngoma au taarabu inayopigwa, na nani anamtazama vibaya. Ukoloni wa Unguja uliwapanga watu kwa mitaa, na zoezi hilo linauonyesha kuliko mhadhara wa kipindi kizima. Ila kisome chote mwenyewe kabla ya kukigawa. Kina mambo ya kiutu uzima.

Kwa Dar es Salaam chukua vitabu viwili vilivyopishana robo karne: *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965) na *Dar es Salaam Usiku* ya Ben Mtobwa (1990), ambaye ni mzaliwa wa mkoa wenu. Cha kwanza ni upelelezi wa Inspekta Wingo katika mji wa miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati simu ya mezani ilikuwa kitu cha wachache. Cha pili ni mji wa usiku wenye kumbi za starehe, wenye fedha na wasio na kitu. Kati ya viwili hivyo kulipita Azimio la Arusha la 1967, vita ya Kagera, miaka ya kukosa sukari na sabuni madukani, na operesheni ya Nguvu Kazi ya 1983 iliyowakamata wasio na kazi na kuwarudisha vijijini. Mwanafunzi asiyejua hayo ataona starehe tupu na kupitwa na woga uliomo.

Sasa jambo ambalo tungependa walibebe kutoka darasani kwako. Kila kitabu cha mji kina miaka miwili: mwaka wa kisa na mwaka wa kuandikwa. *Kuli* ilitoka miaka 31 baada ya mgomo, kwa hiyo mwandishi anawaeleza wasomaji ambao hawakuwapo. Mtobwa aliandikia watu waliokuwa wakiishi Dar ileile, na mtu hamwelezi jirani yake nauli ya basi. Anaitaja na kupita. Waambie wanafunzi wapige mstari wa penseli chini ya kila kitu kilichotajwa bila kuelezwa: nauli, jina la kinywaji, mtindo wa nywele, ofisi ambayo kila mtu anaijua. Maisha ya mji yamekaa humo, kwa sababu mwandishi hakuwa na haja ya kuyapamba.

SWALI: Kila kinachoitwa kitabu cha mji ni Dar, Nairobi au Ulaya. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa hapa Tabora. Je, Tabora na Ujiji hazikuandikwa?
*Mzee wa Kanyenye, Tabora*

JIBU: Shikamoo, mzee. Zimeandikwa, tena kabla ya Dar es Salaam kuwa mji. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Tabora tarehe 7 Novemba 1857, wakati Dar bado ni kijiji cha Mzizima. Tarehe 13 Februari 1858 wakafika Ujiji. Kitabu cha Burton, *The Lake Regions of Central Africa*, kilitoka 1860. Tahadhari moja itakuokolea siku nzima ya kutafuta: humo mji wako uko zaidi chini ya jina Kazeh, na Ujiji utaikuta pia kama Kawele. Wengi hutafuta "Tabora" tu, wakadhani mtu huyu hakuandika kitu.

Burton ana jicho kali kwa nyumba za tembe, bustani, vyakula na bei. Lakini alikuwa mgeni wa Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu, na mji aliouona ni ule unaoonekana ukiwa umeketi barazani kwa tajiri. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao bila wao hakuna pembe ya ndovu ingefika pwani, wanaonekana kwake kama tabu ya safari. Dharau yake kwa Waafrika iko wazi, haina haja ya kutafutwa. Chukua vipimo vyake, hukumu zake mwachie mwenyewe.

Mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alifika 1871 na kitabu chake *How I Found Livingstone* kilitoka 1872. Alikuwa Tabora Agosti ile ambayo Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, aliuvamia mji na kuchoma sehemu yake, kwa hiyo utapata mji wenye hofu, wafanyabiashara wakibishana wapigane au wafunge mizigo. Baadaye alirudi na Livingstone wakakaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Sura za Kwihara zisomee kwenye tembe la makumbusho palepale Kwihara. Angalia unene wa kuta, upana wa vyumba, na ukubwa wa ua wa ndani, kisha linganisha na anavyoeleza mahali mizigo ilipowekwa na watu walipolala. Kitabu hiki haki zake za kunakili zimekwisha; kijana wa nyumbani anaweza kukupakulia bure kutoka tovuti ya Project Gutenberg.

Lakini ukisoma kimoja tu, mzee, kiwe *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, kwa sababu ni Kiswahili cha mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na kwao Tabora. Baba yake alikuwa na maskani hapo na alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Heinrich Brode alikichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900, na baadaye W. H. Whiteley akakitoa Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza kwa pamoja. Tippu Tip haelezi mandhari hata kidogo. Anaeleza mkopo, deni, nani kaoa kwa nani, pembe ngapi, nani kakimbia na mali. Tabora ya karne ya 19 iliendeshwa na hayo. Kumbuka tu kwamba mali hiyo ilihusisha watu waliotekwa, na mwandishi hajishughulishi na upande wao.

Shika vipimo hivi usipotee: frasila moja ni ratli 35, yaani kilo 16 hivi. Shuka moja ni mikono minne, doti ni mikono minane, na mkono ni karibu sentimita 45. Kwa hiyo doti ni mita tatu na nusu na zaidi kidogo. Ukisoma kwamba mtu kalipwa doti kadhaa, pima kitambaa hicho kwa macho, ujue alivaa nini na alibakiwa na nini cha kununulia chakula njiani.

Ukitaka riwaya, soma *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota 2022. Kijana Yusuf anatolewa kwao kwa deni la baba yake na kuingizwa katika misafara ya bara, Wajerumani wakiwa wameanza kuishika nchi. Baada ya Tippu Tip, utasikia sauti ya yule aliyekuwa ndiye deni lenyewe.

SWALI: Nilianza riwaya tatu za Cairo za Naguib Mahfouz kwa Kiingereza. Nikakwama mapema: majina ya watu, majina ya mitaa, kila mtu ana cheo. Vitabu vya miji ya mbali vinasomwaje?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Dada, au ndugu (hukusema), umekwama pale pale wanapokwama wengi, kwa sababu mlango wa kitabu hicho ni mwembamba kwa makusudi. Kisa kinaanza 1917 ndani ya nyumba moja. Amina anaamka usiku wa manane kumsubiri mumewe, Ahmad Abd al-Jawad, na mji anaouona ni ule unaopita kwenye matundu ya dirisha la mbao. Mume anaujua mji wa usiku, mke anaujua kwa minara na sauti za mtaani. Siku Amina anayotoka bila ruhusa kuzuru msikiti wa Husein, anagongwa na gari, na mume anamfukuza nyumbani. Ukilishika hilo, la nani anaruhusiwa kutoka na saa ngapi, mitaa itajipanga yenyewe.

Chukua karatasi moja. Juu andika watu wa nyumba: baba, mama, watoto watano, umri na mama wa kila mmoja, maana mtoto wa kwanza ni wa mke mwingine. Chini chora mistari mitatu tu: nyumba, duka la baba, msikiti. Usichore mtaa mwingine mpaka mhusika aende huko kwa miguu yake. Kosa la kawaida ni kufungua ramani nzima ya Cairo kwenye simu. Majina mia yanakumwagikia na huna sababu ya kukumbuka hata moja.

Umbali upime kwa miguu yako. Katika *Uhalifu na Adhabu* ya Dostoyevsky (1866), kijana Raskolnikov amehesabu hatua kutoka kwake hadi kwa mwanamke anayetaka kumuua: 730. Msomaji hupita namba hiyo kama mapambo. Kwa hatua ya sentimita 70 ni mita 511. Simama mbele ya stesheni ya reli ya Kigoma, panda barabara ya Lumumba, hesabu 730, ugeuke utazame ulikotoka. Hapo utajua kwamba muuaji na mwathirika walikuwa majirani, na kwamba kijana alikuwa na dakika sita au saba tu za kubadili nia. Joto la Julai la St. Petersburg, vumbi na harufu ya chokaa vinavyotajwa mwanzoni mwa kitabu, vyote vinaingia katika dakika hizo.

SWALI: Shikamooni. Naandika riwaya ya Kigoma ya miaka ya 1920. Mwalimu wangu amesema mji wangu "hauna mwili." Nifanyeje?
*Binti wa Isevya, Tabora*

JIBU: Marahaba, mwanetu. Usiandike "miaka ya 1920." Chagua mwaka mmoja, kwa sababu miaka hiyo haifanani. Mpaka 1921 Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, kisha ikaingia chini ya Waingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Kabla yake watu walihesabu rupia. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo mhusika wako anaweza kupanda treni, lakini meli ya Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Ile tunayoiita Liemba Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ukimpandisha mtu Liemba 1925, umempandisha chuma kibovu.

Baada ya mwaka, tengeneza karatasi ya mambo manane: mwanga wa usiku, maji, moto wa kupikia, usafiri, fedha, vipimo vya sokoni, sheria inayomsumbua mtu wa kawaida, na sauti ya alfajiri. Kila jambo lipate angalau vitu viwili vyenye jina na bei. Usipokipata kitu, mhusika asikitumie. Mji "hauna mwili" kwa kawaida pale mwandishi anapoweka mandhari (ziwa, machweo, miembe) mahali pa kazi. Muuza dagaa haoni machweo. Anaangalia kama jua litatosha kukausha.

Vyanzo: gazeti la serikali *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lilikuwa na habari na barua kutoka miji ya bara, na linasomeka kwa Kiswahili cha wakati huo. Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam. Andika mapema uulize utaratibu wa kibali cha utafiti, na utaje wilaya na mwaka, si mada pana. Kwa wazee, usiulize "zamani maisha yalikuwaje?" Utapewa hotuba. Uliza: "Mama yako alinunua mafuta ya taa kwa nani, na aliyabebea kwenye nini?"

Usione aibu kuhangaikia kidogo. James Joyce aliandika *Ulysses*, kitabu cha siku moja ya Dublin, 16 Juni 1904, akiwa nje ya Ireland. Mwishoni mwa 1921, kitabu kikikaribia kuchapwa, alimwandikia shangazi yake aliyekuwa Dublin kuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuruka uzio wa chuma wa nyumba namba 7, mtaa wa Eccles, akajishusha na kuachia bila kuumia. Sentensi chache za riwaya zilitegemea jibu hilo.

Mitego iliyo karibu zaidi na sisi, ukija kuandika miaka ya baadaye: redio ya Dar ilianza 1951, televisheni ya Bara 1994, daladala zilihalalishwa 1983. Daladala la 1970 humharibia msomaji wa makamo kitabu kizima.

SWALI: Tuko 12 katika kikundi, nakala tatu za *Kuli*. Inawezekana?
*Kikundi cha wasomaji, Gungu, Kigoma*

JIBU: Inawezekana. Gawanyikeni wanne wanne, kila nakala na mlinzi wake. Nakala ikae kwa mtu siku tatu, siku mbili za akiba. Kwa mzunguko huo kila mmoja amesoma sehemu yake ndani ya wiki mbili, kwa hiyo kutaneni kila wiki mbili na mpange kurasa 50 hadi 60, sio zaidi. Anayemaliza mapema asisimulie mbele. Msipige vivuli kitabu kizima. Ni kumnyima mwandishi haki yake, na nakala ya nne mkichanga haitawashinda.

SWALI: Marehemu mjomba ameacha boksi la riwaya za upelelezi na mapenzi za miaka ya 1970 na 1980. Baba anasema ni upuuzi tuwashie moto. Kurasa zinachomoka. Zina thamani, na zinatengenezwaje?
*Msomaji, Bangwe, Kigoma*

JIBU: Mwambie baba, kwa heshima, asubiri. Waandishi wengi wa vitabu hivyo walijichapishia wenyewe, nakala zilikuwa chache, na maktaba hazikuvijali. Mwanahistoria Emily Callaci alivitumia kama ushahidi wa maisha ya vijana wa Dar ya wakati wa Ujamaa, katika kitabu kilichotoka 2017. Ndani yake kuna vyumba vya kupanga, mabaa, foleni, na wasichana waliokuja mjini kutafuta kazi, mambo ambayo ripoti za serikali ziliyaita tatizo. Usitupe jalada hata likichanika: bei, anwani ya mchapaji na matangazo ya nyuma ni sehemu ya ushahidi.

Kurasa zinachomoka kwa sababu vitabu hivi havikushonwa. Karatasi zilikatwa na kupakwa gundi mgongoni, na gundi hiyo imekauka ikawa kama ganda. Utahitaji gundi nyeupe ya mbao, brashi ndogo, vibao viwili, matofali mawili, na kipande cha bandeji ya pamba.

Bandua jalada taratibu na ukwangue gundi ya zamani kwa kisu butu mpaka karatasi ionekane. Panga kurasa kwa namba, zigonge mezani mpaka mgongo uwe sawa kabisa, kisha zibane kati ya vibao huku mgongo ukitokeza sentimita mbili hivi. Ukunje mgongo upande mmoja ili kila ukurasa uachie ukingo wa milimita moja, paka gundi nyembamba. Ukunje upande wa pili, paka tena. Hatua hii ndiyo inayoshika. Ukipaka mgongo ulionyooka tu, gundi inagusa ncha za karatasi na kurasa zitatoka tena mwezi ujao. Nyoosha, bandika bandeji iliyozidi sentimita mbili kila upande, weka karatasi ya nailoni juu na chini, matofali juu, uache mpaka kesho yake. Jalada linarudi baada ya mgongo kukauka.

Supaglu usiitumie: inakuwa ngumu kama kioo na mgongo unapasuka ukifungua. Selotepu inageuka njano na kuacha doa lisilotoka. Gundi nyingi inapenya ndani na kuzigandisha kurasa, na huwezi kuzitenganisha bila kuchana maandishi.

Ukimaliza, rafu ikae mbali na ukuta wa nje kwa sentimita tano au zaidi, maana mvua za Kigoma hupitisha unyevu ukutani na ukungu huanzia nyuma ya vitabu. Usivianike juani, karatasi hizo za bei nafuu hugeuka kahawia na kuvunjika. Vipange wima, visibanane sana, na kila mwezi wa masika uvitoe, uvifungue na kuvipangusa kwa kitambaa kikavu.